Seva ya Debian inaganda kila asubuhi ilhali prosesa haina kazi: nianzie wapi?

Mtunza Seva wa Kadutu (Bukavu), Jumatatu

Ndugu zangu watunza seva, nawasalimu kutoka Bukavu.

Ninahudumia seva ya kituo kimoja cha afya ambacho mapokezi yake, maabara na chumba cha dawa hutumia programu moja ya kuandikia wagonjwa kupitia mtandao wa ndani, mashine kumi na moja kwa jumla. Seva yenyewe ni kompyuta ya kawaida yenye prosesa ya kora nne na RAM ya gigabaiti 16. Ina diski mbili: SSD ya gigabaiti 240 yenye mfumo pamoja na picha za vipimo zilizoskaniwa, na diski ya kuzunguka ya terabaiti moja, iliyotolewa kwenye kompyuta ya mkononi ya zamani, ambako niliweka hifadhidata ya PostgreSQL kwa sababu kuna nafasi kubwa. Mfumo ni Debian 12, mmoja wa mifumo ya Linux, na kazi yote ninaifanya kwa amri kupitia ssh, yaani kutoka kwenye kompyuta nyingine.

Shida yangu ni hii. Kila siku, ifikapo saa mbili na dakika 25 asubuhi, programu huganda. Karani wa mapokezi akihifadhi jina la mgonjwa hungoja sekunde 20, na mara nyingine dakika nzima, huku foleni ya akina mama wenye watoto ikifika hadi uani. Saa tatu kasoro dakika kumi hali hurudi kuwa ya kawaida bila mimi kugusa kitu. Amri ya `uptime` hunionyesha mzigo wa 14, lakini nikifungua `top` naona programu zote kwa pamoja zinatumia asilimia saba tu ya prosesa. `iotop`, inayoonyesha nani anatumia diski, nayo hainitajii mkosaji, isipokuwa michakato ya kerneli (kiini cha mfumo) ambayo jina lake huanza na kworker. Mbali na hayo, kuna migando mifupi ya sekunde kumi hivi ambayo hujirudia mchana kutwa.

Sitaficha kwamba miezi miwili iliyopita nilinakili mtandaoni orodha ya vigezo vya kuharakisha seva nikaiweka katika `/etc/sysctl.d/99-kasi.conf`. Sehemu yake ni hii:

```
vm.swappiness = 0
vm.dirty_background_ratio = 50
vm.dirty_ratio = 80
vm.dirty_expire_centisecs = 30000
net.ipv4.tcp_tw_recycle = 1
net.core.somaxconn = 65535
```

Niliweka pia katika `/etc/cron.hourly`, folda ya kazi za kila saa, hati ndogo (skripti) inayoandika namba 3 ndani ya `/proc/sys/vm/drop_caches`, ili RAM isijae. Wiki iliyopita umeme ulikatika ghafla alasiri, na seva ilipowaka tena tulikuta picha 31 za maabara zina majina yake kamili lakini ukubwa wake ni sifuri. Rafiki mmoja amenishauri nizime fsync (amri inayolazimisha data ifike diskini) katika PostgreSQL ili kasi irudi. Fedha za kituo ni chache na kila senti ina mgonjwa anayeingoja, kwa hiyo naomba mnielekeze kabla sijanunua wala kubadilisha kitu kingine.

Mwanafunzi wa Mitandao (Bukavu), Jumatatu

Kaka, mimi ningeangalia kwanza `free -h`. Kwenye seva ya chuo tunakofanyia mazoezi, safu ya kumbukumbu iliyo wazi ilionyesha megabaiti 400 tu kati ya gigabaiti 16, na mwalimu msaidizi akasema RAM imekwisha. Kama yako inaonyesha hivyo hivyo, nadhani kuongeza RAM kutasaidia.

Fundi wa Katuba (Lubumbashi), Jumatatu

Ndugu wa Kadutu, salamu kutoka Lubumbashi. Nimesoma maelezo yako mara mbili, na ombi langu la kwanza ni kwamba usinunue RAM na usiiguse fsync. Kijana wetu aliyetangulia ana nia njema, na safu ile humpoteza karibu kila mtu anayeisoma kwa mara ya kwanza. Linux haiachi kumbukumbu ikae bure: huitumia kushikilia nakala za faili zilizosomwa karibuni, kisha huiachia mara moja programu yoyote inayoihitaji. Safu ya kutazama ni ile ya mwisho, `available`, ambayo hesabu yake hutoka kwenye kerneli yenyewe tangu toleo la 3.14 la mwaka 2014. Kijana wangu, rudi kwenye seva ya chuo uisome safu hiyo, bila shaka utakuta gigabaiti kadhaa.

Kwa sababu hiyo hiyo, hati yako ya `drop_caches` iondoe leo. Kigezo hicho kiliwekwa kwa ajili ya watu wanaopima mwendo wa diski na wanaotaka kila jaribio lianze na kumbukumbu tupu. Ukikitumia kila saa, unaitupa akiba ambayo seva imeikusanya kwa kazi yake yote, na dakika hiyo hiyo mashine zako kumi na moja zinarudi kuisoma upya kutoka kwenye diski ya kuzunguka. Katika Debian, hati za `/etc/cron.hourly` huendeshwa dakika ya 17 ya kila saa. Mwulize karani wako kama migando ile mifupi haiji robo saa na dakika mbili baada ya kila saa kamili.

Sasa tuje kwenye mzigo wa 14. Wengi huuchukua kama kipimo cha kazi ya prosesa, lakini katika Linux, tangu 1993, hesabu hiyo hujumlisha makundi mawili: michakato inayotumia au kungojea prosesa, na ile iliyo katika hali ya D, yaani iliyolala usingizi usiokatizwa, ambayo kwa kawaida inangojea diski. Ni kama jiko lililo wazi huku wapishi kumi na tatu wakiwa wamejipanga kwenye bomba la maji na ndoo zao. Kuongeza majiko hakutapunguza foleni ya bomba. Kwa hiyo mzigo mkubwa na prosesa iliyotulia ni mambo yanayokaa pamoja bila ukinzani wowote, na yote mawili yanaelekeza kidole kwenye diski.

Kuelekeza kidole hakutoshi, hata hivyo. Kesho, mgando ukiwa umepamba moto, endesha amri hizi nne, usibadilishe kitu, kisha utuletee majibu yake hapa:

```
date
vmstat 1 10
grep -E 'Dirty|Writeback' /proc/meminfo
ps -eo state,pid,wchan:30,cmd | grep '^D'
```

Na ukipata nafasi, weka kifurushi cha `smartmontools`, kinachosoma afya ya diski, utuonyeshe `smartctl -A /dev/sdb`, yaani ya diski ya kuzunguka. Diski iliyotoka kwenye kompyuta ya mkononi ya zamani haifai kuaminiwa kwa hifadhidata ya wagonjwa kabla haijapimwa.

Kuhusu orodha yako ya vigezo, nitasema neno moja tu kwa sasa: `tcp_tw_recycle` iliondolewa kwenye kerneli 4.12 mwaka 2017, baada ya kuwakatia muunganisho watu wengi waliokuwa nyuma ya ruta moja. Debian 12 hutumia kerneli 6.1. Kila seva yako inapowaka, `sysctl` hulalamika kwamba kigezo hicho hakipo. Aliyeiandika orodha ile aliiandikia kerneli nyingine, na yaelekea mashine nyingine yenye wageni maelfu; `somaxconn` ya 65535 haina la kufanya mbele ya makarani kumi na mmoja.

Mtunza Seva wa Kadutu (Bukavu), Jumanne

Mzee wa Katuba, asante sana. Hati ya `drop_caches` nimeiondoa jana jioni, na karani amethibitisha kwamba ile migando midogo ilikuwa ikija "saa na robo hivi". Leo asubuhi nilikaa mbele ya seva kuanzia saa mbili kamili. Programu iliganda saa mbili na dakika 25 kama kawaida. Haya ni majibu niliyoyachukua dakika ya 31. Kwa `vmstat` nimeweka mstari mmoja kwa kuwa yote kumi yanafanana:

```
Tue 06:31 UTC

 r  b  swpd   free   buff    cache  si so  bi    bo   us sy id wa
 1 13     0 412388  20412 11873204   0  0  96  8840    4  3 11 82

Dirty:           7143208 kB
Writeback:         98304 kB

D   412  jbd2_journal_commit_transaction  [jbd2/sdb1-8]
D  2207  jbd2_log_wait_commit   postgres: 15/main: walwriter
D  2391  jbd2_log_wait_commit   postgres: mapokezi
D  2394  jbd2_log_wait_commit   postgres: mapokezi
D  2402  jbd2_log_wait_commit   postgres: maabara
```

Michakato ya postgres inaendelea hivyo hivyo hadi kufikia kumi na mmoja. Tarehe ya amri ya `date` nimeifupisha, lakini saa ni kama seva ilivyoiandika. Majibu ya `smartctl` nitayaleta, kwani sikuweza kuweka kifurushi leo, mtandao ulikuwa mzito.

Dada wa Himbi (Goma), Jumanne

Kaka wa Kadutu, namba zako zinasema mengi, na ningependa tuzisome pamoja taratibu, maana mimi mwenyewe ningefurahi kama mtu angenisomea zangu hivi nilipoanza.

Safu ya `b` ina 13: hao ndio wanaongojea. Safu ya `wa` ina 82, yaani asilimia 82 ya muda wa prosesa imepita ikiwa haina la kufanya kwa sababu wenye kazi wako diskini. `si` na `so` ni sifuri, maana yake hakuna swapu (sehemu ya diski inayotumika RAM ikizidiwa) inayosomwa wala kuandikwa, na hapo ndipo hoja ya RAM inapokwisha kabisa. `bi` ni 96, hakuna mtu anayesoma kitu cha maana. Lakini `bo` ni 8840, yaani seva inaandika kilobaiti 8840 kila sekunde. Linganisha na mstari wa Dirty, ambao ni data iliyokwisha kukabidhiwa kerneli lakini haijafika diskini: kilobaiti 7143208. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, utapata sekunde 808, zaidi ya dakika 13. Kwa maneno mengine, saa mbili na dakika 31 seva yako ilikuwa na deni la gigabaiti saba, na ililipa deni hilo kwa mwendo wa diski ambayo, ikiwa ni ya mizunguko 5400 kwa dakika kama zilivyo nyingi za kompyuta za mkononi, huchukua milisekunde 11 kuzunguka mara moja tu. Faili ndogo ndogo zikitawanyika huku na huko, kila moja inalipia mzunguko wake.

Ndiyo maana `iotop` haikukutajia mkosaji. Aliyeandika gigabaiti hizo alimaliza kazi yake ndani ya RAM kwa dakika chache akaondoka, akawaachia kworker mzigo wa kuubeba hadi diskini. Umefika ukakuta wabebaji peke yao.

Swali linalofuata ni kwa nini karani wa mapokezi, ambaye anaandika mstari mmoja wa jina na umri, angojee deni la mtu mwingine. Jibu liko kwenye neno `jbd2_log_wait_commit`. PostgreSQL, kila muamala unapokamilika, huita fsync na kukataa kusema "imehifadhiwa" hadi diski ithibitishe. Kwenye ext4, mfumo wa faili wa seva yako, uthibitisho huo hupitia jarida (daftari la mabadiliko) la mfumo huo, ambalo ni moja kwa mfumo mzima wa faili, na katika hali ya kawaida ya ext4 jarida haliwezi kufunga muamala wake kabla data ya faili mpya zinazohusika haijaandikwa kwanza. Hata pale ambapo si lazima lingoje, ombi la karani linaingia kwenye foleni moja na maelfu ya maombi ya kworker. Mstari mmoja unasimama nyuma ya lori.

Na deni lenyewe lilipata wapi ruhusa ya kukua hivyo? Ni kwenye orodha uliyoinakili. Kwa thamani za awali, kerneli huanza kuandika data chafu (ile ya mstari wa Dirty) inapofikia asilimia 10 ya kumbukumbu inayoweza kutumika, na ikifika asilimia 20 humsimamisha anayeandika hadi apunguze. Wewe umeiambia ianze kwenye 50 na isimamishe kwenye 80. Asilimia 20 tu ya gigabaiti 16 tayari ni nyingi kwa diski kama yako. Nakushauri uache kabisa kutumia asilimia, uweke kiasi kamili:

```
vm.dirty_background_bytes = 67108864
vm.dirty_bytes = 268435456
```

Hizo ni megabaiti 64 na megabaiti 256. Ukiziweka, vigezo vya asilimia vinajigeuza kuwa sifuri vyenyewe, kwani jozi hizo mbili hazifanyi kazi pamoja. Angalizo: kufuta faili la `99-kasi.conf` hakurudishi thamani za zamani kwenye kerneli inayoendelea kufanya kazi. Aidha uwashe seva upya, au uandike kila thamani kwa mkono kwa `sysctl -w`. `vm.swappiness` irudishe 60, au 10 ukipenda, lakini si 0, kwa kuwa tangu kerneli 3.5 sifuri maana yake ni kwamba swapu haitaguswa hadi kumbukumbu iwe imebana kabisa, na hapo kerneli inaweza kuua mchakato badala yake, na mnene kuliko wote kwako ni postgres.

Picha 31 za sifuri ni matunda ya mti huo huo. `dirty_expire_centisecs` kwa kawaida ni 3000, yaani sekunde 30. Wewe umeweka 30000, yaani dakika tano. Yaelekea programu ya skana huandika faili na kulifunga bila kuita fsync. Jina la faili huingia kwenye jarida ndani ya sekunde tano hivi, lakini ext4 huchelewesha kutenga nafasi ya data yenyewe hadi wakati wa kuandika, kwa hiyo umeme ukikatika katikati unabaki na jina lisilo na mwili. Rudisha 3000. Kisha endesha `find /srv -type f -size 0` kwenye folda ya picha ili ujue kama kuna nyingine ambazo hamkuziona, maana nyuma ya kila faili kuna mgonjwa ambaye huenda akahitaji kupimwa upya.

Sasa fsync, na hapa nitasema kwa uzito wote nilio nao. Usiizime. Ukiizima, programu itakimbia kweli, lakini siku umeme utakapokatika kurasa za hifadhidata zinaweza kubaki nusu mpya nusu zamani, na PostgreSQL haitaweza kuzitengeneza. Nilishuhudia jambo hilo hapa Goma, kwenye ofisi moja ndogo: hifadhidata iliwaka, ikajibu maswali kwa siku mbili, kisha jedwali moja likaanza kurudisha makosa, na nakala ya mwisho iliyokuwa salama ilikuwa ya wiki tatu nyuma. Watu wanne waliketi mwezi mzima wakiandika upya kutoka kwenye karatasi. Kuna kigezo cha upole zaidi, `synchronous_commit = off`, ambacho hakiharibu hifadhidata; kwa mpangilio wa kawaida unaweza kupoteza miamala ya chini ya sekunde moja ya mwisho. Hata hicho, kwa chumba cha dawa, mimi nisingekitumia.

Hatimaye, tafuta ondilere (UPS, kifaa chenye betri ya kushikilia umeme ukikatika) hata ndogo, na kebo yake ya USB uichomeke kwenye seva. Watu wengi huishia kuchomeka umeme tu, ondilere ikalia dakika kumi na seva ikazima kifo kile kile cha ghafla. Kifurushi cha `nut`, kwa dereva ya `usbhid-ups`, huisoma betri na kuizima seva kwa utaratibu betri ikikaribia kwisha.

Fundi wa Katuba (Lubumbashi), Jumanne

Dada wa Himbi amemaliza upande wa kerneli na sina la kuongeza. Mimi nimesimama kwenye mstari mmoja mdogo wa majibu yako: `06:31 UTC`.

Ndugu, wewe uko Bukavu. Nchi yetu ina kanda mbili za saa, Kinshasa iko saa moja mbele ya UTC (saa ya kimataifa) na sisi wa mashariki na kusini, Bukavu na Goma pamoja na Lubumbashi, tuko saa mbili mbele. Seva yako haiko kwenye ukanda wowote kati ya hizo. Kwake yeye, mgando wa saa mbili na dakika 25 huanza saa 06:25, na mtu yeyote aliyekaa na Debian kwa muda ataitambua dakika hiyo. Fungua `/etc/crontab`, ratiba ya kazi za mfumo, utaukuta mstari huu:

```
25 6 * * *  root  test -x /usr/sbin/anacron || { cd / && run-parts --report /etc/cron.daily; }
```

Hizo ni hati za kila siku. Kwa kawaida saa hiyo huwa kabla watu hawajaingia ofisini, lakini kwako zinaanza hasa mlango unapofunguliwa. Endesha `run-parts --test /etc/cron.daily` uone kuna nini humo ulichokiweka mwenyewe ukakisahau. Itakuorodheshea zitakazoendeshwa kweli. Hati yenye nukta katika jina, kama `nakala.sh`, hurukwa kimya kimya, na nimeona watu walioamini kwa mwaka mzima kwamba wana nakala rudufu.

Ukanda wa saa unarekebishwa kwa `timedatectl set-timezone Africa/Lubumbashi`, kisha `systemctl restart cron`. Lakini usikimbilie. PostgreSQL ina kigezo chake cha `timezone` ndani ya `postgresql.conf`, kilichoandikwa siku hifadhidata ilipoundwa, na hakitabadilika chenyewe. Chunguza kwanza safu za tarehe za programu yenu: zikiwa za aina ya `timestamp with time zone`, hakuna hatari, zikiwa hazina ukanda, kumbukumbu za zamani zitabaki nyuma kwa saa mbili na mpya zitakuwa sahihi, na lazima mwandike mahali fulani ni siku gani badiliko lilifanyika.

Mtunza Seva wa Kadutu (Bukavu), Jumatano ya wiki iliyofuata

Mzee wa Katuba, Dada wa Himbi, nimengoja wiki nzima ili nisilete habari nusu.

Katika `/etc/cron.daily` palikuwa na hati yangu mwenyewe iitwayo `nakala`, niliyoiandika mwaka jana. Hufanya `cp -a` ya folda nzima ya picha kutoka SSD kwenda kwenye diski ya kuzunguka. Nilipoiandika, folda ilikuwa na megabaiti 600 na hakuna aliyeona tofauti. Leo ina gigabaiti 9 za faili ndogo ndogo, na zote zilikuwa zikinakiliwa upya kila asubuhi, hata zile ambazo hazijaguswa tangu zilipoingia. SSD inazisoma kwa haraka, RAM inazipokea zote, na hati inamaliza kwa dakika tatu. Nimeipima kwa `time`. Kila kitu alichokisema Dada kuhusu aliyeandika na kuondoka ndivyo kilivyokuwa.

Nimebadilisha jambo moja kila siku, ili nijue lipi limefanya nini. Siku ya kwanza niliweka vigezo vya megabaiti 64 na 256 nikaifuta orodha ya zamani na kuwasha seva upya: `Dirty` haikupita megabaiti 250, na kungoja kwa karani kulishuka hadi sekunde tatu au nne, ingawa hati sasa ilichukua dakika kumi na nane badala ya tatu. Siku ya pili niliiweka `rsync -a`, ambayo hunakili kilichobadilika tu, mahali pa `cp -a`, na hati ikamaliza kwa sekunde 40, kwa kuwa picha mpya za siku hazizidi 200. Karani hakuona mgando wowote. Siku ya tatu nilirekebisha ukanda wa saa. Hapo nilielewa malalamiko ya mhasibu, ambaye tangu mwaka jana amekuwa akiniambia kwamba stakabadhi za asubuhi zinaonyesha saa za alfajiri. Safu zetu hazina ukanda, na tarehe ya badiliko nimeiandika kwenye daftari la seva na kwenye ukuta wa ofisi ya uhasibu. Mzigo saa mbili na nusu leo ulikuwa 0.6.

Picha tupu nyingine tulizipata, saba, za siku nyingine ya umeme kukatika. Wagonjwa watano wamekwisha kuitwa.

Ondilere tumeipata iliyotumika, betri yake tumebadilisha, na `upsc`, amri ya `nut`, inaisoma. Sasa `smartctl -A /dev/sdb`, ambayo niliiahidi: `Reallocated_Sector_Ct` ni 0, lakini `Current_Pending_Sector` ni 8, na `Power_On_Hours` ni 31406. Nilikuwa nimepanga kuhamishia hifadhidata kwenye SSD Jumapili, kituo kikiwa kimefungwa. Je, namba hiyo ya 8 inabadilisha mpango?

Fundi wa Katuba (Lubumbashi), Jumatano

Inaubadilisha. Sekta nane ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijazihamisha, kwenye diski yenye zaidi ya miaka mitatu na nusu ya kuzunguka mfululizo, hazifai kungojwa hadi Jumapili. Leo, makarani wakishaondoka, endesha `pg_dumpall`, inayotoa nakala (dump) ya hifadhidata zote, ukiielekeza kwenye SSD, uangalie imemaliza bila kosa la kusoma, na nakala ya pili uitoe nje ya seva hiyo kabisa, kwenye diski ya USB itakayolala mahali pengine. Usiendeshe `fsck` (ukaguzi wa mfumo wa faili) wala jaribio refu la SMART (la afya ya diski) kabla nakala hizo mbili hazijakuwa mkononi mwako, kwani kazi hizo huipa diski mzigo mzito wa kusoma na zinaweza kuimaliza.

Dump ikitoka safi, endelea usiku huo huo: unda klasta mpya (makao mapya ya hifadhidata) kwenye SSD kwa `pg_createcluster`, rudisha data humo, linganisha idadi ya safu katika majedwali makubwa, kisha uibadilishe programu ielekee huko. Ikikwama kwenye jedwali moja kwa kosa la kusoma, simama hapo hapo, usirudie rudie, uandike jina la jedwali hapa. Nitakuwa macho hadi saa sita usiku.

Mtunza Seva wa Kadutu (Bukavu), Jumatano, saa nne na dakika 50 usiku

Dump imetoka bila kosa, gigabaiti 3.1, na nakala yake iko mfukoni mwangu kwenye diski ya USB. Klasta mpya iko kwenye SSD. Majedwali ya wagonjwa, vipimo na dawa yana idadi ile ile ya safu kwenye pande zote mbili. Diski ya zamani nimeifungua kutoka kwenye mfumo kwa `umount` na kuandika juu yake kwa kalamu: isitumike.